Mshipa wa Moyo Ukiziba: Tuelewe Kabla ya Kukataa

(Mazungumzo na familia zilizofika karibuni, Al Khoudh. Yameandikwa kama yalivyosemwa. Maswali yaliyoulizwa mwishoni nimeyajibu humo humo ndani.)

 

Walioniomba nizungumzie jambo hili ni kina mama wa darasa la Kiarabu. Mmoja wao mumewe ameambiwa kwamba mshipa wa moyo umeziba, na tangu siku ile nyumbani kwao hakulaliki. Watoto wanatembea kwa vidole kana kwamba kuna msiba. Mama akaniuliza, "Dada, hii si ndiyo mwisho?" Nikamwambia hapana, lakini jibu la neno moja halimtoshi mtu aliye na hofu. Ndiyo maana tumekaa hapa.

Mimi si daktari. Kazi yangu mnaijua: kujaza fomu, kuwasindikiza hospitali, kukaa katikati ya daktari na mgonjwa nikitafsiri. Niliyonayo ni yale niliyoyasikia na kuyasoma kwa miaka hii, na nitaanza na siku niliyokosea.

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii nilimsindikiza mzee mmoja hospitali. Hospitali sitaitaja, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Mzee alikuwa na maumivu ya kifua ya siku mbili. Walimpima, daktari akaja akasema kwa haraka kwamba anahitaji amaliya ya kastara. Kiarabu changu wakati ule kilikuwa cha sokoni. Nililolijua ni amaliya, yaani operesheni, na nililisikia neno la moyo. Nikamgeukia mzee nikasema, "Baba, wanataka kukupasua moyo."

Akanitazama. Akasema, "Mwanangu, nimekimbia vita mara mbili na hakuna aliyenipasua. Leo nijilaze mwenyewe?" Akaomba karatasi ya kukataa matibabu, akasaini, nikamrudisha nyumbani. Nilijiona nimemheshimu.

Siku ya tatu, kabla ya alfajiri, mkewe akanipigia simu. Mzee alikuwa anatoka jasho la baridi, hawezi kusema sentensi nzima. Gari la wagonjwa likaja, wakamfanyia kastara ile ile aliyoikataa, na alhamdulillah yu hai. Lakini sehemu ya msuli wa moyo ilikuwa imekwisha kufa, na msuli wa moyo ukifa haurudi. Leo anakwenda msikitini kwa miguu, ila husimama mara mbili njiani kupumzika. Zamani hakusimama hata mara moja.

Kastara si kupasua moyo. Nitaieleza, lakini kwanza tuone mshipa wenyewe unazibaje.

Moyo ni msuli unaopiga usiku na mchana, nao pia unahitaji damu yake. Damu hiyo huletwa na mishipa midogo inayouzunguka kwa nje, ambayo Waarabu huiita sharayin. Upana wake ni milimita 3 au 4 tu. Hapa Oman watu hupenda kuufananisha ugonjwa huu na falaji iliyojaa matope: maji yanapungua, shamba linakauka. Mfano huo ni nusu sahihi. Nusu nyingine ni hii: uchafu haukai juu tu kama matope kwenye mfereji. Mafuta, yale ya kolesteroli, huingia ndani ya ukuta wa mshipa na kuvimba humo kama jipu chini ya ngozi. Miaka inapita, mtu hahisi kitu. Halafu siku moja jipu linapasuka, damu inaganda juu yake kama inavyoganda kwenye kidonda, na mshipa uliokuwa na nafasi jana leo umefungwa kabisa. Hiyo damu iliyoganda ndiyo jalta mnayoisikia kwa majirani. Fulani kapata jalta.

Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mzima wa kutembea leo na kesho akaanguka. Majirani husema kapatwa na jicho. Siwezi kubishana na imani ya mtu, ila ukuta wa mshipa ulikuwa umeanza kuharibika miaka ishirini nyuma, kwa sigara, shisha, kisukari, presha, na kwa baadhi yetu kwa kurithi tu. Ukiwa na baba au kaka aliyepata jalta kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65, mwambie daktari hata kama hakukuuliza. Wengi wetu hatuna rekodi za hospitali za wazazi. Mimi nimelelewa kambini Nyarugusu, na karatasi pekee ya afya niliyokuwa nayo ni kadi ya chanjo. Lakini hadithi tunazo. "Babu alikwenda shambani, hakurudi." Hiyo nayo ni taarifa, mpe daktari.

Mishipa ya sehemu nyingine huziba kwa njia hiyo hiyo. Ikiwa ni ya shingo inayopanda kwenye ubongo, hatari yake ni kiharusi: mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu, ulimi kuwa mzito. Ikiwa ni ya miguu, mtu anatembea kidogo, ndama ya mguu inabana, anasimama, inaachia, anatembea tena, inabana. Wazee husema ni baridi yabisi au uzee. Kama maumivu yanakuja kwa kutembea na kuondoka kwa kusimama, au kidonda cha kidole hakiponi, aombe apimwe mishipa ya miguu. Kipimo cha kwanza ni rahisi sana. Wanapima presha ya mkono na ya kifundo cha mguu, kisha wanalinganisha.

Sasa dalili za moyo. Mnazijua zile za kwenye filamu, mtu anashika kifua na kudondoka. Wengi hawaji hivyo. Huja na kubanwa, kama kitu kizito kimekaa juu ya kifua, na wakati mwingine uzito huo huenda mkono wa kushoto, taya, mgongo, au juu ya tumbo. Huja na jasho la baridi, kichefuchefu, pumzi kukata. Kwa kina mama, na kwa wenye kisukari, maumivu yanaweza kuwa madogo au yasiwepo kabisa, ukaona uchovu wa ajabu tu na pumzi fupi. Mama zangu, nawajua. Mtasema ni gesi, mtakunywa maji ya tangawizi, mtamaliza kupika kwanza. Joto la Maskat nalo linatupa kisingizio kizuri, kwa sababu mwezi wa Juni kila mtu anatoka jasho na kila mtu amechoka.

Maumivu ya namna hiyo yakikaa dakika kumi au kumi na tano bila kuondoka, pigeni 9999. Usiendeshe gari mwenyewe, na usimsubiri kijana atoke kazini. Msuli uliokosa damu kabisa huanza kufa ndani ya nusu saa hivi, na kila saa inayopita unazidi kufa. Halafu kuna jambo dogo linalotuchelewesha sana: kueleza nyumba iko wapi. "Karibu na msikiti" haitoshi Al Khoudh, misikiti ni mingi. Andikeni namba ya sikka na namba ya nyumba kwa Kiarabu, mbandike kwenye friji, na kila mtoto anayejua kusoma ajue ilipo.

Ukifika, tafuta mlango wa tawari, yaani dharura. Hapa kwetu iliyo karibu ni Hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, hapo hapo Al Khoudh, na Kituo cha Taifa cha Moyo kiko kwenye eneo la Hospitali ya Royal. Gari la wagonjwa litaamua pa kukupeleka. Kama si dharura, njia ni kuanzia kituo cha afya cha mtaa wako, wao ndio wanaoandika tahwil, barua ya kukupeleka mbele. Malipo yanategemea hati ulizo nazo, na hilo njoo ofisini tulipange. Usilifanye sababu ya kukaa nyumbani na kifua kinachobana.

Kitu cha kwanza ni kipimo cha umeme wa moyo, wanakubandika nyaya kifuani, hakiumi. Kisha wanatoa damu kutafuta kitu kinaitwa troponini, ambacho huvuja kutoka kwenye msuli wa moyo ulioumia. Hapa watu wetu huondoka mapema. Kipimo cha kwanza kinatoka kizuri, mtu anashukuru Mungu na kuomba aende nyumbani. Lakini troponini huchukua saa kadhaa kupanda, ndiyo maana wanapima tena. Subiri kipimo cha pili. Hawajakusahau.

Kwa asiye na dharura kuna vipimo vingine: eko, yaani kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti kama wanavyotazama mimba, kutembea kwenye mashine huku umefungwa nyaya, au kupigwa picha ya CT baada ya kuchomwa dawa ya rangi kwenye mshipa wa mkono. Hiyo dawa ya rangi ina mambo yake. Kama figo zako zina tatizo, kama unameza metformini ya kisukari, kama uliwahi kupata mzio, au kama una mimba, sema kabla.

Sasa kastara. Wanakulaza, uko macho. Wanakuchoma sindano ya ganzi kwenye kifundo cha mkono, au pengine kwenye kinena. Wanaingiza mrija mwembamba kwenye mshipa na kuusukuma taratibu mpaka kwenye mlango wa mishipa ya moyo. Huusikii ukipita, kwa sababu mishipa ndani yake haina hisia hiyo. Wanamimina dawa ya rangi, unaweza kuhisi joto linapita mwilini, na kwenye kioo daktari anaiona mishipa yote kama matawi ya mti, na pale penye ufinyu. Kifua chako hakiguswi. Wengine hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake.

Wakikuta pameziba, mara nyingi wanafungua hapo hapo. Wanapitisha waya laini, juu ya waya wanapitisha puto dogo, wanalijaza, linasukuma ukuta, kisha wanaacha stenti, kijibomba cha wavu wa chuma kinachobaki humo maisha yote kuushikilia mshipa usijifunge. Waarabu huiita daama, nguzo. Na kwa aliyeniuliza: hapana, stenti hailii uwanja wa ndege.

Hatari zipo, na daktari ana wajibu wa kukutajia. Kuvuja damu pale walipochoma ndiko kunakotokea zaidi. Kiharusi au kifo ni nadra, lakini kinaweza kutokea. Muulize: kwangu mimi, na figo zangu, na umri wangu, hatari ni kubwa kiasi gani, na nikikataa hatari ni kubwa kiasi gani? Mzee wangu yule alipewa karatasi ya kukataa bila kuuliza swali la pili, nami sikumsaidia kuliuliza.

Kazi hii ya kufungua mishipa bila kupasua ni changa kuliko wengi wenu mlio hapa. Januari 1964 wazee wa Unguja wanaikumbuka kwa sababu nyingine. Siku 4 baada ya Mapinduzi, tarehe 16, huko Portland, Marekani, kulikuwa na bibi wa miaka 82 ambaye kidole chake cha mguu kilikuwa kinaoza kwa kukosa damu. Madaktari walitaka kuukata mguu, bibi akakataa katakata. Daktari Charles Dotter, ambaye hakuwa hata mpasuaji, akapitisha waya na mirija kwenye mshipa wa paja lake na kupapanua palipofinyika. Mguu ukapata joto. Bibi akaishi zaidi ya miaka 2 mingine akitembea kwa miguu yake miwili. Moyo ulisubiri mpaka tarehe 16 Septemba 1977, Zurich, Uswisi, Andreas Grüntzig alipotumia puto alilolibuni mwenyewe kwa mwanamume wa miaka 38. Miaka 10 baadaye wakamtazama tena, mshipa bado uko wazi. Stenti ya kwanza ndani ya moyo wa mtu ilikuja 1986.

Namtaja bibi yule kwa sababu naye alikataa. Tofauti ni kwamba alijua vizuri anachokikataa. Mzee wangu alikataa kitu ambacho hakuna aliyekipendekeza.

Na si kila ufinyu unahitaji stenti, jambo ambalo huwashangaza watu. Utafiti mkubwa uitwao ISCHEMIA, uliotangazwa 2019, ulifuata watu 5,179 katika nchi 37, wenye mishipa iliyofinyika lakini hali zao zimetulia. Nusu walianza na dawa peke yake, nusu waliongezewa kastara na matibabu yake. Kwa miaka waliyofuatwa, waliokufa hawakupishana kwa maana. Faida ya kufunguliwa ilikuwa hasa kwa wale wenye maumivu ya kifua, walipata nafuu zaidi. Kwa hiyo mume wa mama yule akiambiwa "tutaanza na dawa", asifikiri wanamdharau au wanabana pesa. Lakini jalta inayotokea sasa hivi ni jambo jingine. Hiyo hufunguliwa haraka.

Ikiwa mishipa mingi imeziba, au ule mkubwa wa kushoto, hasa kwa mwenye kisukari, wanaweza kushauri operesheni ya kweli ya kifua: kuchukua mshipa wa mguu au wa kifuani na kutengeneza njia ya pembeni. Hiyo ni kubwa, ina wiki za kupona, na inafanywa kila siku duniani. Hata nyumbani mambo yamebadilika. Zamani Tanzania ilikuwa ikiwapeleka wagonjwa wengi wa moyo India. Tangu 2015 ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Muhimbili, Dar es Salaam, na kastara na operesheni zinafanywa pale. Mwenye ndugu kule anayehangaika, amwambie aulize huko kwanza.

Nimefika kwenye dawa, na hapa mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo ninapogombana na watu.

Ukiwekewa stenti utapewa dawa mbili za kuzuia damu isigande, kwa kawaida aspirini na nyingine kama klopidogreli. Waarabu huiita musayyil. Aliyepata jalta mara nyingi huambiwa atumie zote mbili kwa mwaka mzima, kisha moja aendelee nayo. Stenti ni chuma kigeni ndani ya damu yako. Kabla mwili haujaifunika kwa utando wake, damu inatafuta kugandia hapo. Ukiacha dawa kwa sababu unajisikia vizuri, stenti inaweza kuziba ghafla, na hiyo huua wengi. Nimemjua baba mmoja aliyegawa vidonge vyake mara mbili, nusu akamtumia kaka yake Pemba kwa mtu anayesafiri, kwa sababu kaka naye ana moyo. Roho nzuri, Mungu amlipe. Lakini kaka alipata dawa asiyopimiwa, na yeye alibaki na wiki tatu bila kinga. Mkitaka kumsaidia ndugu, mtumieni nauli ya kwenda kupimwa.

Kidonge cha kolesteroli nacho, statini, watu hukiacha wakiona kipimo kimeshuka. Kimeshuka kwa sababu ya kidonge. Kazi yake si namba tu, huyatuliza yale majipu ukutani yasipasuke. Ukiumwa misuli kwa ajili yake, sema, wanaweza kubadilisha aina au kupunguza.

Hijama na habasoda sikatazi. Ila anayemeza musayyil asichanjwe hijama kabla ya kumuuliza daktari wake, maana damu yake haikati upesi, na mpiga hijama lazima aambiwe. Daktari wa meno pia. Mwezi wa Ramadhani nao uulizwe mapema, Shaaban, ili saa za dawa zipangwe. Msijipangie wenyewe.

Chakula sitawahubiria sana. Samli, sambusa za kila jioni, mishkaki yenye mafuta, nyote mnajua. Sigara na shisha ndizo ningetoa kwanza, kabla ya kugusa biriani ya mtu. Na kutembea: baada ya isha, au asubuhi kwenye maduka makubwa yenye kiyoyozi kabla hayajajaa watu. Mtawakuta wazee wa Kiomani huko na ndala zao, wanazungumza Kiswahili kizuri kuliko changu.

Kuhusu kutafsiriwa: msikubali mtoto wa miaka kumi na miwili awatafsirie habari ya moyo. Msinikubali hata mimi nikisema neno moja tu. Niambieni, "Nieleze wataingilia wapi, nitakuwa macho au nimelala, na nisipofanya kutakuwaje." Nisipojua, nitamuuliza daktari mbele yenu. Na kabla ya kusaini, mrudishie daktari maneno yako mwenyewe jinsi ulivyoelewa, nami nitayatafsiri. Kosa likiwepo litaonekana hapo.

Wiki ijayo, siku kama ya leo, muuguzi mmoja anayezungumza Kiswahili atakuwa nasi hapa kupima presha na sukari. Njooni na mifuko yenu ya dawa, yote, pamoja na zile mlizopewa na majirani. Hatutamgombeza mtu. Chai itakuwepo, na mandazi nimeambiwa yatakuwepo pia, hilo sikulipanga mimi.